Dhuluma ya Mwenzio Haihalalishi Dhuluma Yako

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye watu wa Makka walimwita Al-Amin, yaani mwaminifu, kabla hata hajateremshiwa Wahyi. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, upo ugonjwa uliojikita ndani ya jamii yetu nao haukemewi inavyostahiki. Si ugonjwa wa kuacha swala, kwani safu za Ijumaa zimejaa hadi barazani. Wala si ugonjwa wa kutofunga, kwani Ramadhani ikiingia hata asiyejulikana msikitini huonekana. Ni ugonjwa wa mtu anayeswali, anayefunga na kuhudhuria darsa, lakini haki za waja kwake ni jambo jepesi. Na akiulizwa hakani. Anayo majibu tayari.

Mfanyabiashara asiyetoa risiti husema: “Serikali yenyewe inakula.” Aliyekopa akakataa kulipa husema: “Aliyenikopesha ni mla riba.” Aliyeingiziwa fedha kwenye simu kwa makosa husema: “Mwenyewe mzembe, kwa nini hakuhakiki namba?” Majibu ni matatu, lakini chimbuko lake ni moja, nalo ni itikadi kwamba dhuluma ya mwingine, au hata uzembe wake tu, umetupa sisi ruhusa ya kudhulumu. Itikadi hii ni batili. Haina msingi katika Qur’an, haina msingi katika Sunna, na anayeifuata anajenga nyumba ya akhera yake juu ya mchanga.

AMANA ZA WATU WA MAKKA

Tuanze na tukio ambalo kila mtoto wa madrasa analijua, ila wakubwa wengi hawajaketi wakalizingatia. Mwaka 622 Maquraishi walikula njama ya kumuua Mtume (S.A.W.). Ni hao hao waliowatesa wafuasi wake, wakawazuilia chakula Banu Hashim katika bonde la Abu Talib, na wakawafanya Masahaba waikimbie miji na mali zao. Hata hivyo, watu wa Makka walikuwa bado wanaweka amana zao nyumbani kwake, kwa sababu hawakumjua mwaminifu zaidi yake.

Je, Mtume (S.A.W.) alipohama alisema kwamba mali za maadui hawa ni fidia ya mali za Waislamu zilizoporwa? Lau ingekuwa dhuluma ya mwingine inahalalisha dhuluma yetu, hakuna aliyekuwa na udhuru mkubwa kuliko yeye usiku ule. Lakini alimwacha Ali bin Abi Talib (R.A.) nyuma, katika mji uliojaa hatari, ili arudishe kila amana kwa mwenyewe. Ali (R.A.) alikaa Makka siku chache akaikamilisha kazi hiyo, ndipo akahama.

Hilo ndilo fundisho lililomo katika Sura Al-Maida aya ya 8, pale tunapoonywa kwamba kuwachukia watu kusitupeleke tukaacha uadilifu. Na katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi tunaamrishwa kumrudishia amana aliyetuamini, na tunakatazwa kumfanyia hiana hata yule aliyetufanyia hiana. Anayesema “wao wameanza” na azisome hukumu hizi mbili, kisha atuonyeshe wapi udhuru wake umetajwa.

HOJA YA KODI

Wapo wanaozichukua Hadithi zinazokemea maks, yaani ushuru uliotozwa kwa mabavu masokoni na njiani, wakasema: “Kodi zote ni haramu, kwa hiyo kuzikwepa ni halali.” Ni kweli kwamba makemeo hayo yapo na ni makali. Lakini wanavyuoni waliotutangulia hawakuyasoma kijuujuu. Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, na Imam Ash-Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 1388, walieleza kwamba hazina ya umma ikiwa haitoshelezi mahitaji ya lazima, kiongozi mwadilifu anaweza kuwatoza wenye uwezo kiasi kinachotosha kuondoa haja hiyo. Wakaweka masharti: haja iwe ya kweli, hazina iwe imepungukiwa, mzigo ugawanywe kwa uadilifu, na fedha itumike pale ilipokusudiwa.

Mfano ulio wazi ni wa Sheikh Al-Izz bin Abdis-Salaam. Wamongolia walipokuwa wanaielekea Misri na Sultani Qutuz akataka kuwachangisha raia kwa ajili ya jihadi, Sheikh hakukataa, wala hakukubali kwa upofu. Alisharutisha kwanza hazina isiwe na kitu, na maamiri wauze mapambo yao ya dhahabu na vitu vyao vya thamani, wabakiwe na silaha na vipando sawa na raia wa kawaida. Baada ya hapo ndipo umma utoe. Septemba 1260 Waislamu walishinda katika vita vya Ain Jalut.

Zingatieni, ndugu zetu, jinsi Sheikh alivyoushika uadilifu kwa ncha zote mbili. Alimwambia mtawala haki yake ya kutoza ina mipaka, na hakumwambia raia akafiche mali kimya kimya. Sisi leo tumeishika ncha moja tu, ile inayoturuhusu tusitoe.

Atasema msemaji: “Lakini hizi si zama za Qutuz, na serikali yetu si ya Kiislamu.” Tunamjibu: tazama basi kodi yenyewe unayoizungumzia. Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo watu huiita VAT, ilianza Tanzania Bara Julai 1998, na kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Bidhaa yenye thamani ya shilingi 100,000 kabla ya kodi huuzwa shilingi 118,000. Zile 18,000 hazitoki katika faida ya mwenye duka. Ni fedha ya mnunuzi iliyopita mkononi mwake ili aifikishe Mamlaka ya Mapato, baada ya kuondoa kodi aliyokwisha kuilipa mwenyewe aliponunua mzigo. Kwa hiyo mfanyabiashara aliyesajiliwa, akapokea 118,000 yote, asitoe risiti na akaibakiza ile kodi mfukoni, hakukataa kutoa mali yake. Amekula amana aliyokabidhiwa na mtu mwingine. Hapa hata yule anayeamini kwamba kodi ni haramu hana pa kujificha, kwa sababu haramu ya mtoza haiwi halali ya mpokeaji.

Na mnunuzi naye asijitakase. Mashine za kielektroniki za kutolea risiti zilianza kutumika mwaka 2010, na sheria inamtaka mnunuzi naye aidai risiti yake. Lakini akiambiwa, “Ukitaka risiti ni 118,000, bila risiti toa 108,000,” hufurahi akadhani amepunguziwa bei. Hajapunguziwa chochote. Wawili hao wamegawana fedha ya umma, mmoja kachukua 10,000 na mwingine 8,000. Vibaya zaidi ni risiti ya bei pungufu, pale mzigo wa shilingi 500,000 unapoandikiwa 50,000. Huo ni ushahidi wa uwongo uliochapwa kwenye karatasi, na ushahidi wa uwongo Mtume (S.A.W.) aliuhesabu miongoni mwa madhambi makubwa kabisa.

Wengine husema: “Mimi natoa Zaka, inatosha.” Katika Sura Al-Baqara aya ya 177, kutoa mali kwa jamaa, mayatima, masikini na wasafiri kumetajwa, na kutoa Zaka kukatajwa mbali, ndani ya aya moja. Zaka ni ibada yenye kiwango na wenye kustahiki wake maalumu. Haifuti haki nyingine, wala haki nyingine haziifuti.

Je, maana yake tunyamazie ubadhirifu? Hasha! Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali husomwa kila mwaka, na anayekula mali ya umma ni mwizi hata akivaa suti na kuketi safu ya mbele. Lakini njia ya kumpinga ni ya wazi. Wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka Mei 2023, na tena Juni 2024, wakalalamikia namna wanavyotozwa na kukaguliwa, na serikali ikalazimika kuketi nao. Tozo za miamala ya simu zilizoanza Julai 2021 zilipunguzwa Septemba mwaka huo huo, baada ya wananchi kupaza sauti. Hatusemi kwamba kila lililodaiwa lilikuwa haki. Tunasema kwamba anayelalamika hadharani anatengeneza jambo, na anayeficha mauzo yake chini ya kaunta hatengenezi chochote. Mzigo alioukwepa hautoweki, unamwangukia jirani yake mwenye kutoa risiti, ambaye bei yake sasa inaonekana ghali na wateja wanamkimbia. Mdhulumiwa wa kwanza wa mkwepa kodi si Waziri. Ni Muislamu mwenzake wa duka la pili.

HOJA YA MADENI

Aya ndefu kuliko zote katika Qur’an haikuteremka kuhusu swala wala hija. Ni aya ya 282 ya Sura Al-Baqara, nayo inazungumzia madeni: yaandikwe, yashuhudiwe, na tusichoke kuyaandika yawe madogo au makubwa. Leo kalamu na karatasi vimo ndani ya simu, na ujumbe mfupi wa maneno unatosha kuweka kumbukumbu ya kiasi na tarehe. Hata hivyo, watu wanaendelea kukopeshana kwa “tutaelewana”, kisha hawaelewani.

Kutoka kwa Salama bin Al-Akwa (R.A.), Bukhari ameeleza kwamba liliwahi kuletwa jeneza mbele ya Mtume (S.A.W.), akauliza kama marehemu ana deni. Akaambiwa ana deni la dinari tatu na hakuacha kitu. Akawaambia Masahaba wamswalie wenyewe, na hakumswalia mpaka Abu Qatada (R.A.) alipojitolea kulibeba deni lile. Dinari tatu tu, na marehemu ni Sahaba! Nasi leo tunaliona jeneza la mtu anayedaiwa na mwenye duka, anayedaiwa na fundi aliyemjengea na anayedaiwa na kikundi cha kuweka na kukopa, na anayetangaza husema kwa haraka, “Mwenye kumdai aonane na familia,” kisha familia haionekani.

Hapa tutofautishe watu wawili. Yupo asiye na uwezo, na huyo aya ya 280 ya Sura hiyo hiyo inaamrisha apewe muda mpaka afarijike, na kumsamehe ni bora zaidi. Mdai anayemfedhehesha masikini wa namna hii barabarani anamdhulumu. Na yupo mwenye uwezo anayezungusha. Ana simu mpya, amechangia harusi kwa mbwembwe, lakini mama muuza genge aliyemkopesha unga na mafuta anaambiwa aje mwisho wa mwezi, na mwezi hauna mwisho. Mtume (S.A.W.) ameuita uzungushaji wa mwenye uwezo kwa jina lake: dhuluma. Mtaji wa mama yule ni mdogo, na wateja watano wa aina hiyo wanatosha kulifunga genge lake.

Sasa tuje kwenye hoja inayosikika sana kwa vijana wetu, ile ya mikopo ya simu. Mtu anaomba mkopo kwa kubonyeza vitufe vichache, fedha inaingia, na muda wa kulipa ukifika anakumbuka kwamba yeye ni Muislamu. “Riba ni haramu,” anasema, “kwa hiyo silipi.” Subhanallah! Uharamu huo hakuuona wakati wa kupokea, ameuona wakati wa kurejesha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipotangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni, wapo waliodhani kwamba madeni yao yamekufa siku ile.

Tunakubali bila kusita kwamba mikopo ile ambayo watu wenyewe wameipa jina la “kausha damu” ni riba na ni maangamizi. Tunakubali pia kwamba mkopeshaji anayeingia kwenye simu ya mdaiwa, akachukua majina ya ndugu na majirani, kisha akawatumia ujumbe wa kumdhalilisha, anafanya uovu ulio wazi. Anayefanyiwa hivyo ana haki ya kumshitaki, kwani ipo sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, na asione aibu kuitumia. Lakini Qur’an haikumwachia mdaiwa mlango wa kutokea na mali ya watu. Aya ya 279 ya Sura Al-Baqara, baada ya kumtangazia vita mla riba, inaweka wazi kwamba akitubu rasilimali yake ni yake: asidhulumu wala asidhulumiwe. Iwapo Allah (S.W.) amemhifadhia mla riba mtaji wake, wewe ni nani hata uufute? Shilingi 50,000 uliyoipokea ni deni shingoni mwako. Kuhusu ile nyongeza, nenda kwa mwanachuoni umweleze hali yako ilivyo. Usijitolee fetwa mwenyewe ukiwa umelala kitandani.

Na dawa ya kweli ni kutouingia mlango huo. Haiwezekani tuwakemee vijana kwa mikopo ya riba, hali matajiri wa msikiti hawamkopeshi mtu hata shilingi 20,000 ya dawa bila riba. Na matajiri nao wana jibu lao: “Niliwakopesha, hawakulipa.” Hivyo ndivyo dhuluma inavyozaa dhuluma. Kila asiyelipa karadha anamfungia mlango mhitaji atakayekuja kesho, na anamsukuma kwa mla riba.

HOJA YA SIMU

Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Ni neema kubwa, na kila neema ina mtihani wake. Mtihani wa hii ni kwamba tarakimu moja ikikosewa, karo ya mtoto au gharama ya mgonjwa inaingia kwa mtu asiyehusika.

Anayeipokea fedha hiyo huitolea upesi kwa wakala kabla haijazuiwa, kisha husema, “Ni riziki, Allah ameniletea.” Huku ni kumsingizia Allah (S.W.) wizi wetu. Hata kitu kilichookotwa njiani, ambacho mwenyewe hajulikani, Mtume (S.A.W.) ameamrisha kitambuliwe alama zake na kitangazwe mwaka mzima. Fedha ya kwenye simu haijafika hata daraja ya kitu cha kuokota, kwa sababu mwenyewe anajulikana. Ujumbe umekuja na jina lake, kiasi chake, siku na saa. Hakuna amana iliyowahi kuandikwa vizuri kuliko hiyo. Kuitoa ukijua si yako ni kula mali ya mtu kwa batili, jambo lililokatazwa katika Sura An-Nisaa aya ya 29. Uzembe wa mwenye mali hauhamishi umiliki. Mtu akisahau kufunga mlango, vyombo vyake havigeuki kuwa vya jirani.

Wakati huo huo tuwe na hadhari, kwani matapeli wameifanya amana kuwa mtego. Wapo wanaotuma ujumbe wa uwongo unaofanana na wa mtandao, kisha wakapiga simu wakilia warudishiwe. Basi ukipata ujumbe wa namna hiyo usiuamini mpaka uangalie salio lako. Ukiona fedha imeingia kweli, usiiguse, na usimtumie anayekupigia. Wasiliana na huduma kwa wateja ya mtandao wako, nao wairejeshe ilikotoka. Hivyo unailinda haki ya mwenyewe na yako pia.

Na wale vijana wanaotuma ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”, na wale wanaowapa laini walizosajili kwa alama zao za vidole ili walipwe kidogo, wajue kwamba wote ni washirika. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, kidole chako ni sahihi yako. Huwezi kumkodisha mwizi sahihi yako kisha ukasema hukuiba. Hali kadhalika aliyeichezea mita ya LUKU ili umeme upite bila kuhesabiwa: taa anayoisomea Qur’an usiku inawaka kwa mali ya wizi.

MISIKITI IANZE

Tunawaomba maimamu na kamati za misikiti waanze na nyumba za Allah zenyewe. Saruji na mabati ya msikiti yanunuliwe kwa risiti halali yenye bei ya kweli, na mapato na matumizi yabandikwe ukutani kila mwezi. Fundi wa msikiti alipwe siku aliyoahidiwa, kwani “hii ni kazi ya Allah” isiwe kisingizio cha kumcheleweshea ujira. Uanzishwe mfuko wa karadha njema, hata kwa kiasi kidogo, wenye daftari na mashahidi, na jina la mwenye uwezo anayezungusha liitwe mbele ya kamati. Khutba moja katika kila mwezi izungumzie haki za waja. Na kila mmoja wetu aandike wasia wenye orodha ya anachodaiwa, ili warithi wasigawane mali ya watu.

Mwisho, tukumbuke Hadithi ya muflisi iliyopokewa na Muslim. Masahaba walipoulizwa muflisi ni nani, walidhani ni asiye na dirhamu wala mali. Mtume (S.A.W.) akawafahamisha kwamba muflisi wa umma wake ni mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, saumu na Zaka, lakini amemtukana huyu, amemsingizia huyu na amekula mali ya huyu. Wadai wake watagawiwa mema yake, na mema yakimalizika kabla madeni hayajaisha, atatwishwa madhambi yao, kisha atatupwa Motoni.

Siku hiyo hakuna atakayeulizwa Waziri alikula kiasi gani, wala mkopeshaji alitoza asilimia ngapi. Hao wana hesabu zao. Wewe utaulizwa kuhusu risiti uliyoificha, daftari la mama muuza genge, na fedha iliyoingia kwenye simu yako kwa makosa. Leo madeni hayo bado yanalipika kwa shilingi. Tuyalipe kabla hayajaanza kulipwa kwa swala zetu.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali Yako tusiihitaji haramu Yako, na utusaidie kuzirejesha haki za waja Wako kabla hatujafika mbele Yako. Amin.

Wabillahi Tawfiq.